Mwaka Niliopoza Hema

Mwanzoni mwa mwaka huu nilishuka Voi nikiwa na sanduku moja na kidole cha mguu kilichooza kwa viatu vibaya, nikaketi kwenye foleni ya hospitali pamoja na wakata mkonge na akina mama wenye watoto wanaokohoa. Pembeni yangu alikuwa mzee wa Kikamba, macho yamefunikwa na utando mweupe, mkono mmoja umeshika bega la binti yake. Muuguzi aliponiuliza jina nami nikamtajia, mzee akageuza kichwa. "Hebu sema tena," akaniambia. Nikasema tena. Akaninyooshea mkono na kunipapasa uso, taya, sikio, kama mtu anayechagua papai sokoni. "Karani wa hema," akasema. "Mimi ni Musyoka. Nilikupikia mwaka mzima kule nyuma ya Maungu." Aliniuliza kama nimeoa, nikamwambia niliwahi. Aliniuliza ninaishi wapi, nikamtajia Tanga, Jinja, Moshi, Malindi na pengine pawili. "Huko si kuishi," akasema, "huko ni kupita," na binti yake akacheka kwa aibu akiniomba radhi kwa macho. Kwa karibu saa nzima tulizungumza juu ya mvua, bei ya mbuzi na ugonjwa wa macho. Hakumtaja Mwakio, mwenzetu wa mwaka ule. Mimi pia sikumtaja. Zamu yake ilipofika, binti alimwinua, naye akasimama kidogo akinielekea. "Ile kazi uliijua, karani," akasema. "Uliijua vizuri sana." Kisha akaingia ndani, nami nikatoka nje bila kuonwa na daktari.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini mwaka ule. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari mapema kuliko nilivyotaka, na kwa kuwa niliweza kuandika tarakimu bila kuzichafua, nilipata kazi na Mzungu mmoja mpima ardhi ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa anapima ranchi iliyokusudiwa kuwekwa kati ya Maungu na mlima Kasigau. Ranchi yenyewe mpaka leo sijaiona. Tulikuwa wachache. Mshila, mtu mzima mwenye wajukuu, alibeba nguzo za alama. Mwakio, jirani yangu wa Werugha tuliyekua pamoja, alivuta cheni ya kupimia. Mimi niliandika. Musyoka alipika, naye alitoka upande wa Mutomo, nchi kavu kama ile ile tuliyokuwa tukiipima. Kulikuwa na dereva, ambaye mara nyingi alikuwa safarini na lori kutafuta maji na vyakula. Nchi ile ilikuwa ya vichaka vya kijivu visivyo na majani, udongo mwekundu uliopenya hata ndani ya masikio, na joto ambalo sisi watu wa milimani hatukuwa na neno lake. Kwetu Werugha ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, na mtu akisema kuna joto anamaanisha kwamba amevua koti.

Siku tuliyofika tulipiga hema letu kama tunavyojenga nyumba zetu. Mlango tukaugeuza uupe upepo mgongo. Kingo za turubai tukazikandamiza kwa mawe na udongo, mahali palipobaki tundu tukasokota gunia. Mshila alizunguka akikagua kwa vidole, akitafuta mahali ambapo hewa ingeweza kupita, na alipokosa akaridhika. "Sasa hii ni nyumba," akasema. Musyoka alikuwa amesimama na sufuria mkononi akitutazama. "Nyinyi Wataita," akasema, "mnamficha nani humo ndani?" Mwakio akamjibu bila kugeuka, "Tunamficha mke wako." Wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kutukanana. Lakini hema lilibaki vile vile mwaka mzima, nalo halikutudhuru, kwa sababu tulilala humo usiku tu, na usiku wa nyika una ubaridi wake. Alfajiri tulitoka tukaenda kazini, na tuliporudi jua lilikuwa limeshashuka. Mchana hakuna mtu aliyewahi kukaa ndani ya hema lile. Nimelifikiria jambo hili katika vyumba vya kupanga vya miji mingi. Tulikaa karibu miezi kumi na nyumba ambayo hatukuijua.

Hema la Bwana Miwani lilikuwa habari nyingine. Wiki ya pili aliniita, akaniambia kwamba pamoja na kuandika, nitalishughulikia hema lake, kwa kuwa mtu aliyekuwa akilishughulikia alikuwa ameacha kazi. Bwana Miwani alikuwa na mbwa jike mzee, mwenye manyoya marefu ya nchi za baridi, ambaye hangeweza kustahimili jua, naye alibaki hemani tulipokwenda kupima. Nilijaribu siku moja kwa akili yangu nikashindwa. Mbwa alikutwa ametoa ulimi, anatweta. Ndipo Musyoka akanichukua kama mwanafunzi. Alinionyesha kwanza kuling'oa hema lote na kuligeuza, mlango uelekee upepo wa mchana na ukuta wa nyuma ukunjwe juu, ili hewa iingie huku itokee kule. Juu ya turubai la kwanza tukatandika la pili, tukaacha nafasi ya mkono mmoja kati yao. "Jua lipige la juu lichoke," alisema. Juu yake tukarundika nyasi kavu na matawi. Chini tukachimba sakafu mpaka magotini, maana udongo wa ndani haujui kwamba ni mchana. Na upande wa upepo tukaning'iniza magunia, ncha za chini zimezama katika karai la maji, ili gunia lijinywee lenyewe na upepo upite katikati yake ukiwa na unyevu. Maji hayo yalikuwa ya chumvi, kutoka bwawa la wanyama, yakiwekwa katika pipa lililopakwa rangi nyekundu ili mtu asiyanywe kwa bahati mbaya. Yalikuwa mengi. Nataka nilitaje hilo mapema: maji hayakuwa haba. "Na haya yote uyafanye kabla jua halijapanda," Musyoka alinionya. "Joto likishaingia ndani halitoki mpaka jioni. Linakaa kama mgeni wa mazishi."

Nilikuwa hodari. Kufikia mwezi wa tatu niliweza kuingia hemani saa saba mchana nikasikia ngozi ya mikono inasisimka kwa ubaridi. Siku ambazo tuliandika kambini, Bwana Miwani aliniweka mezani kwake, nami nilinakili tarakimu nikisikiliza gunia likidondoka kwenye karai. Wenzangu walinifanyia mzaha usiokwisha. Jioni, tukila mthokoi wa Musyoka, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kuzunguka moto, au kimanga pale ambapo mtu aliletewa mihogo na maharagwe kutoka nyumbani, Mwakio alianza. "Karani, mgonjwa wako ameamkaje?" "Mgonjwa gani?" "Yule mwenye mkia. Umempepea? Umemwimbia?" Mshila alikunja uso. Yeye aliamini kabisa kwamba ubaridi ule wa kutengeneza unaleta kichomi, na kwamba Wazungu na mbwa wao wameumbwa kuuhitaji, kama samaki anavyohitaji maji. "Mtu mweusi akilala mle siku mbili," alisema, "mtamwinua amekauka." Musyoka alisonya. "Mzee Mshila, joto halisomi rangi." "Wewe pika," Mshila akamjibu. Basi ikawa ndiyo kauli yetu. Musyoka akishauri lolote, kuhusu nyoka au mawingu au namna ya kufunga kamba, mmoja wetu alimwambia, "Wewe pika." Mimi pia nilimwambia hivyo, mimi niliyejifunza kazi yangu mikononi mwake.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi katika baa na mabweni ya wafanyakazi, na kila mara nilikisimulia kwa namna moja. Kulikuwa na Mzungu, nilisema, na mbwa wake alilala kwenye ubaridi huku rafiki yangu akifa kwa joto hatua thelathini kutoka pale. Watu walipiga meza. Walininunulia kinywaji. Miaka ile hasa, bendera yetu ilipokuwa mpya, hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Na kila neno la kisa kile lilikuwa la kweli, isipokuwa lile ambalo sikulitamka. Sasa Musyoka amenipapasa uso, na yeye alikuwepo, kwa hiyo nitalisema.

Ilikuwa Februari, mwaka wetu wa kazi ukielekea mwisho. Bwana Miwani alikuwa amekwenda Voi na lori, arudi kesho yake jioni, na akatuachia kazi ya kusafisha vifaa kambini. Mbwa alibaki. Alfajiri Mwakio hakuamka. Nilipomtikisa nikamkuta amejikunja, meno yanagongana, midomo ya kijivu. "Baridi," akasema. "Karani, nakufa na baridi." Ilikuwa malaria, tuliijua sote, na tulimpa vidonge vilivyokuwepo. Kisha tukafanya yale ambayo mama zetu wangefanya. Nilimpa blanketi langu juu ya lake. Mshila akaleta na la kwake. Tukashusha mlango wa hema na kuufunga vifundo vyote, Mshila akazunguka tena kwa vidole vyake akiziba matundu. Nyumbani, mtu akitetemeka, unafunga mlango, unaongeza kuni, unamfunika mpaka atoke jasho, na jasho likitoka ugonjwa umetoka nalo. Nimeona watu wakipona hivyo. Mimi mwenyewe nilipona hivyo nikiwa na umri wa miaka minane, ukungu ukigusa kuta nje. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na dawa ya mahali pengine.

Saa tatu Musyoka alileta uji. Alifungua kifundo kimoja, akaingiza kichwa, akakitoa haraka. "Mnafanya nini humu?" "Anatetemeka," nikamwambia. "Alikuwa anatetemeka. Sasa jua limepanda. Mtoeni." "Umtoe mgonjwa kwenye upepo?" Mshila akauliza. Musyoka aliweka bakuli chini. Akanigeukia mimi, si Mshila. "Karani, una hema lililopoa pale. Lina kitanda. Mwenyewe hayupo. Tumbebe sasa hivi, tumlaze, tumvue haya mablanketi." Nikamtajia mbwa. "Mbwa ni mzee, hana hata meno, unamlisha kwa mkono," akasema. "Nitakaa naye mimi." Nikamtajia Bwana Miwani, kwamba zilikuwa siku za Hali ya Hatari na Mwafrika akikutwa kwenye kitanda cha Mzungu tutalala korokoroni. "Atakuja kesho. Mpaka kesho nitakuwa nimefua shuka na kuikausha. Nani atasema?" Hilo halikuwa ndilo lililonizuia. Nitaliandika wazi. Sikumwogopa Mzungu siku ile. Niliuogopa ubaridi. Nilimwona Mwakio amelala kando ya yale magunia yenye maji, akitetemeka, kichomi kikimwingia ubavuni, nami nikiwa nimemuua kwa kumlaza mahali palipotengenezewa mbwa. Nikamwambia Musyoka, "Wewe pika."

Kisha akachukua bakuli lake akaenda.

Saa tano Mwakio aliacha kutetemeka na akaanza kulalamika joto. Mshila akafurahi. "Unaona? Linatoka." Jasho lilimtoka kweli, shuka ikalowa, nasi tukambadilishia na kumfunika upya. Akayasukuma mablanketi. Mshila akamshika mikono kwa upole, akimwambia kwa Kidawida, lugha yetu, maneno ambayo mtu humwambia mtoto. Mimi niliketi mlangoni kwa ndani, mgongo wangu ukibana turubai, na jasho likinichuruzika mpaka kwenye mkanda wa suruali. Nilihisi kichwa changu kinapiga. Hata hivyo sikuunganisha joto lililokuwa likiniumiza mimi na mtu aliyelala mbele yangu. Mimi nilikuwa na joto. Yeye alikuwa na homa. Yalikuwa mambo mawili. "Karani," Mwakio akasema, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba chumvi. "Fungua." "Vumilia kidogo," nikamwambia, "ugonjwa unatoka." "Fungua tu kidogo." "Kidogo, bwana. Bado kidogo tu." Alijaribu kunifanyia mzaha. Alisema, "Au niote mkia?" Mshila hakuelewa. Mimi nilielewa, na nikacheka, nikafurahi kwamba ana nguvu za kucheka.

Siku za kubaki kambini, saa saba ilikuwa saa yangu ya kulowesha magunia. Nilitoka, nikafunga vifundo nyuma yangu, nikachota maji kwenye pipa jekundu. Nikayamwagia magunia mpaka yakadondoka, nikajaza karai, nikaingia ndani kuhakikisha kwamba upepo unapita. Ulikuwa unapita. Mbwa alipiga mkia sakafuni mara mbili bila kuinuka. Nilisimama pale. Nilifungua vifungo vya shati, nikauelekeza ubavu wangu wazi kwenye gunia lililolowa, na nikasikia raha ambayo hata sasa mwili unaikumbuka kinyume na mapenzi yangu. Nilikaa kiasi cha kuvuta sigara mbili, ingawa sikuvuta. Kisha nikarudi, nikafungua vifundo, na kwa kuwa ngozi yangu ilikuwa imepoa, kwa mara ya kwanza nililipokea lile hema usoni. Lilikuwa kama kuinama juu ya chungu kinachochemka. Mshila alikuwa amelegea pembeni, mdomo wazi. Mwakio hakuwa anatoka jasho tena. Nilimgusa. Alikuwa mkavu, mkavu kama bati la juani, na alikuwa anazungumza haraka haraka juu ya ng'ombe aliyeingia kwenye kabeji za watu.

Nilimwita Musyoka kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena. Alikuja akikimbia. Tulimbeba Mwakio kwa mablanketi yale yale mpaka kwenye hema lile lingine, Musyoka akayararua magunia kutoka kwenye kamba na kumfunika nayo yakiwa yanadondoka maji. Akamimina karai lote kichwani mwake. Nilikimbia kwenye pipa na kurudi, sijui mara ngapi. Mbwa alisogea akakaa nje kwenye kivuli. Mwakio aliacha kuzungumza juu ya ng'ombe. Akafumbua macho, akayatazama magunia, akamtazama Musyoka. "Hapa pazuri," akasema. Alikufa kabla ya saa kumi. Mshila alipoambiwa kwamba joto ndilo lililomuua alikataa katakata. Alisema, "Mlimtoa kwenye joto. Ndiyo maana." Alisema hivyo tena alipostaafu, na nilisikia kwamba alisema hivyo mpaka siku yake ya mwisho.

Tulimzika alfajiri iliyofuata, kwa sababu nchi ile haiweki maiti. Bwana Miwani alirudi jioni, akavua kofia kaburini, akaandika barua fupi kwa familia, akanipa siku nne za kuipeleka pamoja na sanduku la marehemu. Hakuuliza kwa nini kitanda chake kilikuwa na unyevu. Nilipanda lori mpaka Voi, lingine mpaka Wundanyi, na kutoka pale nikatembea. Kila nilipopanda ndivyo hewa ilivyopoa, na nilipofika Werugha ukungu ulikuwa umeshashuka kwenye matuta ya mboga na sikuiona nyumba ya akina Mwakio mpaka nilipokuwa mlangoni pake.

Habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake walikuwa wamejaa jikoni, na kabla sijabisha niliwasikia. "Ni homa ya huko chini." "Huko si mahali pa watu." "Na walikuwa peke yao, wanaume watupu, nani angemwangalia?" Nilipoingia walinipisha. Mama yake Mwakio aliketi karibu na moto, shuka mabegani. Alikuwa amenilea mimi nusu kama alivyomlea yeye. Nilimpa barua, ambayo hakuweza kuisoma, nikamsomea, nayo haikuwa na kitu. Aliipokea tena akaikunja mara nne. Akaniambia niketi. Akanipakulia viazi na maharagwe, akaniwekea bakuli magotini, na wakati wote huo mdomo wake ulikuwa unajiandaa kwa jambo.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama."

"Alisikia baridi?"

"Alianza kwa baridi. Alfajiri."

"Mlimfunika?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na elimu kidogo, na hakuna mtu katika chumba kile aliyejua zaidi yangu namna joto linavyoingia mahali na namna linavyotolewa.

"Tulimfunika," nikasema. "Mablanketi matatu. Na hema tukalifunga pande zote. Hata upepo mdogo haukupita."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na ndipo alipoanza kulia, kwa utulivu, akitikisa kichwa kukubali. "Asante," alisema. "Asante, mwanangu. Nilikuwa nimelala nikifikiri kwamba hakuna aliyemfunika." Alipomaliza alijifuta, akaniona nimelowa ukungu, akamwambia mmoja wao aongeze kuni na mwingine afunge mlango. Waliufunga. Moto ukawaka. Nikala chakula chote, jasho likinitoka, na hakuna aliyeniruhusu kuvua koti.